MADARASA YA WAZAZI

Leo twapenda kunena juu ya kazi ambayo karibu kila mtu huifanya, wala hapana aliyepata kuifanyia mtihani: nayo ni kulea watoto.

Seremala hujifunza kwa fundi wake siku nyingi kabla ya kupewa mbao za watu. Lakini baba na mama hupewa mtoto siku ile ile azaliwapo, kisha hulea kama walivyolelewa. Aliyekuzwa kwa fimbo hushika fimbo. Si kwamba hampendi mwanawe, bali hajaonyeshwa chombo kingine. Katika Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2009 ulionyesha ya kuwa karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwilini kabla ya kutimiza miaka 18.

Liko jambo lililokwisha jaribiwa. Katika jimbo la Eastern Cape, Afrika ya Kusini, vijiji na mitaa, jumla 40, viligawanywa kwa kura. Katika nusu moja wazazi na vijana wao walipewa masomo 14. Katika nusu ya pili walipewa somo la siku moja juu ya usafi. Jamaa walioingia walikuwa 552, na wote walikuwa na ugomvi nyumbani.

Waliofundisha walikuwa wenyeji waliofunzwa kwanza. Kila mkutano una jambo lake: kukaa na mtoto na kumsikiliza, kumsifu atendapo vema, kuizuia hasira, kuweka kanuni za nyumba, kupanga matumizi ya fedha. Mmoja hujifanya baba, mwingine mtoto, na wenzao hutazama. Kisha kila mtu huenda akajaribu kwake, na mkutano ufuatao hueleza yaliyompata. Asiyefika hufuatwa nyumbani.

Habari zake zilichapishwa mwaka 2018. Miezi kadha baada ya masomo, kupiga na kutesa kulikuwa kumepungua, na wazazi waliwaangalia watoto wao vizuri zaidi. Lakini kuwaacha watoto bila matunzo hakukupungua, wala mwenendo wa vijana haukubadilika upesi. Twayataja haya ili mtu asidhani kwamba darasa ni hirizi.

Wako wasemao, “Mtu mwenye mvi aketi akafunzwe kumlea mwanawe? Ni aibu.” Twawajibu: mwari hakuachwa ajifunze utu uzima peke yake, alikuwa na kungwi wake, akafunzwa pamoja na wenziwe. Kufunzwa katika kundi si jambo geni kwetu. Lililo geni ni kumwacha mzazi peke yake na hasira yake.

Tena fikirini hili. Mtoto aogopaye fimbo huificha shida yake. Binti atongozwaye njiani na mtu mzima hatamwambia baba ambaye kwanza atampiga. Basi fimbo tuliyodhani yamlinda ndiyo iliyomfunga kinywa.

Kwa hiyo twawaombeni, waalimu, toeni chumba kimoja jioni moja katika juma. Nanyi wazee, msiwatume akina mama peke yao. Njoni ninyi kwanza, mkae mbele. Kijiji kikiona mkubwa wake anajifunza, hakuna atakayeona haya kumfuata.