Mama Mjamzito na Tatizo la Kuvuja Mkojo
(Maneno ya muuguzi mkunga kwa wananchi katika mkutano wa kata)

Ndugu wananchi, wapo akina mama wajawazito wanaovuja mkojo wakikohoa, wakicheka au wakijitwika ndoo ya maji. Wengi hunyamaza kwa haya, wakidhani ndiyo mapito ya uzazi yasiyo na dawa. Sivyo.

Chini ya nyonga ipo misuli iliyotandaa mfano wa kamba za kitanda, ikibeba kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo mpana. Mimba ikikua, uzito huielemea, ikalegea. Kamba za kitanda hukazwa upya. Misuli hii nayo hukazwa kwa mazoezi. Mama aibane kama anayezuia haja ndogo na upepo kwa pamoja, ahesabu polepole hadi 5, kisha ailegeze kabisa. Arudie mara 8 hadi 10, mara 3 kwa siku, bila kuzuia pumzi. Asilifanye zoezi hili akiwa anakojoa. Aanze mapema, na aendelee baada ya kujifungua.

Mkojo ukitoka mfululizo baada ya kujifungua, huenda ni fistula. Hapo mazoezi hayatoshi, afikishwe hospitali.

Akina baba, msiwacheke wala kuwatenga. Nawe mama, mweleze mkunga siku ya kliniki. Haya isikunyime tiba.