Gari la shamba limehamia mjini

Land Rover ya kwanza ilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948, bei yake ilikuwa pauni 450. Mhandisi Maurice Wilks aliibuni kwa ajili ya shamba. Chuma kilikuwa cha mgawo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, bodi ikaundwa kwa alumini na paa likawa turubai.

Ndilo gari tulilolijua Monduli, Tanzania, na Maralal, Kenya: abiria wamebanana kwenye mabenchi ya nyuma, magunia juu ya keria. Likizima njiani, fundi alitandika gunia, akaingia uvunguni na spana zake, na safari ikaendelea.

Leo mrithi wake, Defender mpya, nchini Uingereza inauzwa zaidi ya pauni 50,000. Hata ukizipandisha zile 450 kwa mfumuko wa bei, hazifiki nusu yake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: gari lililosifiwa kwa ugumu limejazwa ngozi, skrini na kompyuta. Toleo la zamani nalo lilikoma kuundwa Januari 2016, na wakusanyaji wamelipandishia bei.

Mfugaji wa Maralal amebaki na nini? Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8, na ushuru huongezwa juu ya bei. Toleo la zamani limeshapita umri huo, kwa hiyo njia iliyobaki ni gari kuukuu lililomo nchini. Basi unayenunua, usidanganywe na rangi mpya. Alumini ya bodi haishiki kutu kama chuma, lakini chasisi ni chuma. Inama, piga tochi, uikague kabla ya kuhesabu fedha.