Nyumba ya Kukutania ya Jordans



Siku hizi za Jubilii wengi wamekwisha kuzisifu nyumba zetu za ibada. Mimi nataka kuwasimulia habari za nyumba ya watu wengine, iliyoko Jordans, katika jimbo la Buckinghamshire, Uingereza. Ni nyumba ya Marafiki, waitwao Wakweka, ambao wenzao kutoka Marekani walifika Kaimosi, nchi ya Kenya, mwaka 1902.

Hapo kale Marafiki wa Jordans walikutana nyumbani kwa mkulima mmoja, William Russell, wakikaa kimya kumngoja Mungu, pasipo padre wala kitabu cha sala. Lakini kwa sheria ya mwaka 1664, iliyotiwa nguvu tena mwaka 1670, ilikatazwa watu zaidi ya watano wasio wa nyumba moja kukutana kwa ibada isiyo ya Kanisa la Uingereza. Mwenye nyumba alitozwa pauni 20, na theluthi ya fedha hiyo alipewa aliyewachongea. Mmoja wao, Isaac Penington, alitiwa gerezani mara sita.

Mwaka 1671 walinunua kiwanja, si cha kujengea, bali cha kuzikia. Hata mwaka 1687 Mfalme James wa Pili alipotangaza ruhusa, ndipo walipothubutu kujenga. Na mwaka 1688 wakapata nyumba ya matofali, haina mnara wala madhabahu, ina mabenchi tu. Basi wafu wao walipata mahali pao miaka 17 kabla ya walio hai. Hapo amelala Penington; hapo alizikwa mwaka 1718 William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania.

Mwezi wa Machi 2005 moto uliteketeza paa lake, kuta zikasalia. Ikatengenezwa, na hata leo watu hukaa humo kimya.

Ndugu zangu, sheria ile iliwekwa kulilinda Kanisa ambalo sisi ni watoto wake. Na kitabu walichokataa kukifuata ndicho kilichozaa kitabu chetu cha sala. Neno hili si la kufichwa siku ya furaha, maana shukrani isiyo na toba ni nusu ya shukrani. Basi tunapohesabu makanisa yetu, tujiulize pia: ni nani aliyenyimwa mahali pa kusali kwa ajili yetu? Bwana atusamehe, atujalie kumpisha jirani asali. Amina.