Aliingia Bure: Safari ya Ronnie Coleman Katika Kutunisha Misuli

(Maneno yaliyosemwa na mwinjilisti kwa vijana, siku ya pili ya maadhimisho)

  

Wazee wa kamati wameniomba niseme na vijana juu ya mwili. Nimeshukuru, maana mada hii huwa tunaizunguka tu. Jimu zimeota kama uyoga mijini kwetu, Bujumbura, Uvira, Kigoma, kote. Na kijana asiye na hela ya jimu anajaza zege kwenye makopo mawili ya rangi, anachomeka bomba katikati, tayari ana vyuma vyake uani. Wako wazee wetu wakiona hivyo wanasema huyu ameshapotea, anatafuta ubaunsa. Mimi sisemi hivyo. Paulo akimwandikia Timotheo waraka wa kwanza, sura ya 4, anayataja mazoezi ya mwili, na wala hayaiti dhambi. Anaonyesha faida yake ni ndogo ukiilinganisha na utauwa. Ndogo, si sifuri. Mko pamoja nami?

Basi leo sitahubiri sana. Nitawapa habari za mtu mmoja, yu hai mpaka leo, ambaye najua wengi hapa mna picha yake kwenye simu. Ronnie Coleman. Naona wengine wanacheka, mmemjua! Mnamjua kwa misuli. Nataka mjue alivyoingia.

Alizaliwa mwaka 1964 Monroe, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, akakulia mji mdogo wa Bastrop. Shuleni alicheza mpira wao ule wa kugongana na akanyanyua vyuma, si kwa ajili ya kuonyesha kifua, ni kwa ajili ya nguvu. Akaenda Chuo Kikuu cha Grambling, akacheza mpira huko chini ya kocha Eddie Robinson, akatoka na shahada ya uhasibu. Sasa vijana mliosoma mtanielewa. Shahada mkononi, kazi ya uhasibu hakuna. Akaishia kwenye duka la kuuza piza. Mwenyewe amesimulia kwamba hali ilikuwa ngumu hata alikuwa akitegemea ile piza ya bure ya wafanyakazi ili ashibe. Huyo ndiye mtu ambaye baadaye chakula chake kilipimwa kwa mizani kila siku. Mungu ana mambo.

Mwaka 1989 akapata kazi ya polisi katika mji wa Arlington, Texas. Kazini kulikuwa na polisi mwenzake, Gustavo Arlotta, ndiye aliyemwambia kuna jimu moja nzuri inaitwa Metroflex. Msifikiri ni jimu ya vioo na viyoyozi. Ni kama ghala, vyuma vina kutu, na joto la Texas si mchezo. Mwenye jimu, Brian Dobson, naye alikuwa mshindani wa kutunisha misuli. Alipomwona huyu polisi anaingia mlangoni alishangaa. Akampa sharti: utafanya mazoezi hapa bure maisha yako yote, ila uniruhusu nikuandae kwa mashindano ya Mr. Texas.

Coleman hakuwa na hamu ya mashindano. Alitaka mahali pa kufanyia mazoezi tu. Lakini bure ni bure! Akakubali. Mwaka 1990 akapanda jukwaani, akashinda uzito wa juu na akashinda wote kwa jumla, pamoja na Dobson mwenyewe aliyemwandaa. Mwaka uliofuata akashinda ubingwa wa dunia wa wasiolipwa, kule Poland, akapata kadi ya kushindana kama mtaalamu wa kulipwa.

Hapa niwaeleze wale wasioujua mchezo huu, hasa kina mama. Jukwaani hakuna chuma hata kimoja. Mtu hashindi kwa kubeba. Anasimama, anakaza mwili, anageuka, na majaji wanatazama ukubwa wa misuli, jinsi kiungo kinavyolingana na kiungo, na jinsi ngozi ilivyobana hadi nyuzi za msuli zionekane. Ili kufika hapo anakaa wiki nyingi akipunguza chakula cha wanga na mafuta. Siku ile unamwona ana nguvu za simba, ndiyo siku ambayo huenda amechoka kuliko zote. (Na ndiyo, vazi lao ni dogo mno. Mama mchungaji ameshaniuliza jana. Hilo tuliache.)

Sasa sikiliza sehemu ambayo haiko kwenye picha za simu zenu. Shindano kubwa la mchezo huu ni Mr. Olympia, lililoanzishwa na Joe Weider mwaka 1965. Coleman aliingia mara ya kwanza mwaka 1992, hakupata hata nafasi ya kuhesabiwa. Mwaka 1994 akawa wa 15. Mwaka 1995 wa 11. Mwaka 1996 wa sita. Mtu akiona hivyo anasema haya, sasa anapanda. Mwaka 1997 akarudi hadi wa tisa! Na siku zote hizo bado ni polisi, anavaa sare, anaendesha gari la doria, ndipo anakwenda jimu. Hakuna aliyemtaja kuwa bingwa ajaye. Waliyemtaja ni Flex Wheeler.

Na huyo Flex Wheeler, ambaye ni mshindani wake, ndiye aliyemwelekeza kwa mtu wa kumpangia chakula, Chad Nicholls. Nasema hivi polepole ili muisikie. Mshindani wake alimwonyesha kitu alichokosa. Mwaka 1998, New York, wamebaki wawili wamesimama jukwaani. Wakatangaza wa pili: Flex Wheeler. Coleman akaanguka chini, magoti yalimwisha. Mara nyingi nimeyafikiria hayo. Sisi watumishi, makanisa ya mpaka mmoja, kwaya na kwaya, ni nani kati yetu angempa mwenzake namba ya simu ya mtu anayeweza kumsaidia amshinde? Mwambie jirani yako: mimi sijui kama ningeweza.

Baada ya hapo akachukua taji kila mwaka mpaka 2005, mara nane. Ni sawasawa na Lee Haney, aliyechukua 1984 mpaka 1991. Mwaka 1998 alikuwa na karibu kilo 113 jukwaani. Mwaka 2003 akafika karibu kilo 130, na bado ngozi imebana. Mwaka 2000 alichuchumaa na chuma cha ratili 800 mabegani, karibu kilo 363, akainuka, akarudia tena. Ni uzito wa magunia saba ya saruji na kitu. Mama zetu wanaobeba mizigo sokoni wanajua ninachosema.

Bei yake ikaja. Mwaka 2006 alitafuta taji la tisa, Jay Cutler akamshinda. Mwishoni mwa 2007 alifanyiwa upasuaji wa mgongo, na huo ulikuwa mwanzo tu. Ukafuata mwingine, na mwingine, nyonga zote mbili zikabadilishwa, mgongo ukatiwa vyuma. Leo hawezi kutembea vizuri bila magongo. Mtu aliyeinuka na kilo 363! Na akiulizwa kama anajuta, jibu lake ni kwamba anajuta kuinuka na ule mzigo mara mbili tu, angefanya nne. Wengine mnapiga makofi. Mimi sikupiga niliposikia. Namheshimu, anamshukuru Mungu hadharani na hanung'uniki, lakini jibu hilo lisiwe lako wewe uliye na miaka 19.

Mtazameni Haney. Mataji nane yale yale. Alistaafu akiwa bado bingwa, mwaka 1991, hajafika hata miaka 33. Kanuni yake ilikuwa kuuamsha msuli, si kuuangamiza. Ni mlokole, anafundisha afya na imani, na anatembea kwa miguu yake. Sisemi mgongo wa Coleman uliharibika kwa kukosa imani, msije mkaondoka na fundisho hilo hapa. Uliharibika kwa uzito.

Na kuna jambo la tatu ambalo sitalipita. Sindano. Coleman mwenyewe amekiri hadharani kwamba alitumia dawa za kukuza misuli, na alikuwa na daktari. Wewe una nani? Una jamaa wa jimu mwenye chupa isiyo na lebo na sindano ambayo wamechomana watu watatu. Hapo kuna ukimwi, kuna homa ya ini, kabla hata hatujataja dawa yenyewe. Na dawa yenyewe inapandisha presha, inachosha moyo, inaufanya mwili uache kutengeneza homoni yake ya kiume. Korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua. Kijana, utaoa na kifua kama mlango, halafu mnaanza kuja kwetu kuombewa mtoto. Na mvulana ambaye bado anarefuka, mifupa yake inaweza kufunga mapema akabaki pale alipo.

Kwa hiyo wazazi, msiwafukuze watoto uani na makopo yao ya zege. Waulizeni wanakula nini, wanabeba kilo ngapi, nani anawafundisha kunyoosha mgongo wanapochuchumaa, na kama kuna mtu amewapa kitu cha kuchoma. Hayo maswali manne yanatosha kwa leo. Katika ushirika wetu tuna manesi, wako upande huu na wako ng'ambo, naomba wasimame tuwaone. Nyosheni mikono juu zaidi. Vijana, wale pale. Wakati wa chai wamekubali kukaa chini ya ule mwembe, na mtakachowaambia hakitafika kwa baba zenu.

Mchungaji, chukua maikrofoni.