Mtoto wa Mbwa au Mbwa Mzima? Mazungumzo na Wakazi wa Mpakani, Busia



Wengi wenu mmetuuliza: mtu anayetaka mlinzi wa boma achukue mtoto wa mbwa au mbwa mzima?

Mtoto wa mbwa huizoea nyumba mapema, akawajua watoto na mifugo yake. Asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki nane. Lakini msimhesabu kuwa mlinzi; kwa muda wa mwaka mzima hivi, ninyi ndio mtakaomlinda yeye. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hupewa akifikisha miezi mitatu. Kabla ya hapo asizurure na mbwa koko, maana aliyeng'atwa huweza kuonekana mzima kwa wiki nyingi, hata miezi, ilhali ugonjwa umo mwilini.

Mbwa mzima tabia yake imekwisha kudhihirika. Kwa mzee anayeishi peke yake, au mfanyabiashara anayeondoka alfajiri na kurudi usiku, sisi twaona huyu ndiye afaaye, mradi mwenyewe wa kwanza ajulikane.

Sharti hilo tumelijua kwa uchungu. Tuliitwa katika boma moja ambamo baba alinunua mbwa mzima kwa mpita njia aliyevuka mpaka, kwa bei ya kutupa, akamfunga mnyororo usiku na mchana. Siku ya nne akamng'ata mtoto. Je, alikuwa amechanjwa? Hapakuwa na aliyejua. Muuzaji hakujulikana jina wala kijiji. Tena majirani walikuwa wamekwisha kumuua mbwa na kumzika. Angalifungiwa mahali salama na kuangaliwa na daktari wa mifugo kwa siku kumi, tungalijua kama ni mgonjwa. Mtoto ikambidi achomwe sindano zote, nasi hatukuweza kumwambia mama yake neno la kumtuliza. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna aponaye.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, ombeni cheti cha chanjo, mkamtazame mbwa huko alikolelewa, na mwende na watoto wenu mwone anavyowapokea. Anayetaka kuvuka naye mpaka aonane kwanza na daktari wa mifugo apate vibali. Watoto wa mbwa wanaopitishwa vichochoroni ndani ya magunia, juu ya bodaboda, hawana cheti wala asili. (Na aliyewabeba, akiulizwa, husema ni kuku!)

Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Msipake pilipili wala mafuta ya taa. Mtoto asiogope kusema kwamba ameng'atwa. Wengi hunyamaza kwa kuhofia fimbo.

Sasa tupokee maswali. Tuanze na mama aliyeinua mkono kule nyuma.