Ni Nani Mwenye Wajibu juu ya Shule Zetu?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Katibu aliniomba niseme juu ya shule zetu za umma, nami nimekubali kwa moyo mzito kidogo, kwa maana katika jambo hili lawama haiwaangukii watu wa mbali peke yao. Nyingine itaanguka hapa hapa tulipokaa, na nyingine itaniangukia mimi.

Mashaka ya shule hizi twayajua sote. Katika chumba kimoja watoto hubanana hata wengine wakaandika juu ya magoti. Vyoo hujaa, visichimbwe vingine. Walimu hawatoshi. Mwaka 2023 sekondari msingi iliwekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, na pengi hapakuwa na maabara wala mwalimu wa sayansi wa kuwapokea wale watoto. Tukiuliza ni nani atakayetengeneza, mwalimu mkuu hutuelekeza serikalini. Ofisi ya serikali hutuelekeza kwa kaunti. Kaunti hujibu kwamba kazi hiyo si yake. Na mzazi husema kwamba yeye aliambiwa elimu ni bure. Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo chetu sisi kina shida iliyozidi hiyo, maana kila nahodha asema usukani ni wa mwenziwe.

Vijana wetu yafaa wakumbushwe tulikotoka. Katika siku za ukoloni, watu waliokuwa na kiu ya elimu walijenga shule za kujitegemea kwa mikono na fedha zao wenyewe, na mwaka 1939 chuo cha walimu kilifunguliwa Githunguri kwa michango ya watu. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo katika siku za Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, moyo ule ule ulizaa shule za harambee kila pembe ya nchi.

Kisha likaja neno la elimu ya bure. Mwaka 1974 karo iliondolewa katika madarasa manne ya kwanza. Lakini fedha za kujaza pengo hazikutosha, na mahali pengi halmashauri za shule zikaanzisha mchango wa ujenzi, mzazi akajikuta analipa kama zamani au hata zaidi. Mwezi wa Januari 2003 karo iliondolewa katika madarasa yote ya shule za msingi. Kwa mwaka mmoja watoto walioandikishwa waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi kama milioni 7.2. Hilo lilikuwa jambo jema, wala asiwepo mtu wa kulisema vibaya. Lakini fedha zilizokadiriwa kwa kila mtoto zilikuwa shilingi 1,020 kwa mwaka, yaani shilingi 85 kwa mwezi. Mlango ulifunguliwa, nyumba haikupanuliwa. Na wazazi wengi, waliposikia neno "bure", waliweka chini jembe lao, wasikanyage tena shuleni ila siku ya kuitwa kwa kosa la mtoto.

Basi, wajibu ni wa nani? Bwana Mwenyekiti, jibu limeandikwa. Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba kila mtoto ana haki ya kupata elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Katiba hiyo hiyo imegawanya kazi. Shule za msingi na za sekondari, mtaala na mitihani, ni kazi ya serikali ya kitaifa. Shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni kazi ya serikali ya kaunti. Kuajiri walimu wa umma na kuwapeleka shuleni ni kazi ya Tume ya Huduma za Walimu. Kwa hiyo mtu akimwandikia gavana juu ya paa la darasa la sita, barua yake imepotea njia; na akimwandikia Waziri juu ya mwalimu wa chekechea, imepotea vile vile.

Na shule yenyewe huendeshwa na nani? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yasema kwamba katika bodi ya shule wamo watu sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi, na watatu wa mfadhili wa shule, pamoja na wengineo. Watu sita! Hakuna upande mwingine ulio na viti vingi kama hivyo. Lakini siku ya uchaguzi wazazi hawaji, na wachache waliokuja huwachagua wale wale walionong'onezwa. Mzazi naye, kwa sheria hiyo, ana wajibu wa kumwandikisha mtoto wake na kuhakikisha kwamba anahudhuria masomo. Hapo hapana wa kusingiziwa.

Sasa nafika palipo pagumu kwangu. Miaka michache iliyopita nilikuwa mjumbe katika bodi ya shule moja, ambayo jina lake silitaji. Walimu walipungua, nasi tukaajiri vijana wawili kwa mshahara mdogo. Tukakata shauri kwamba kila mzazi atoe shilingi mia tatu kwa muhula. Katika kitabu tukaandika: "Wazazi wamekubali." Muhula wa pili fedha zilipokawia, tukakata shauri jingine, kwamba watoto ambao hawajalipiwa warudishwe nyumbani mpaka walete. Mimi niliinua mkono pamoja na wenzangu.

Asubuhi ile nilisimama karibu na lango nikawaona wakitoka, mabegi mgongoni, wengine wakicheka kwa kuwa ni watoto. Mmoja wao, mtoto wa mjane, nilimkuta baada ya juma moja sokoni akisukuma mkokoteni wa maji. Nilimuuliza kwa nini hakurudi. Akanijibu kwa adabu, "Mzee, hizo mia tatu ndizo ninazitafuta." Alizipata, lakini hakurudi. Alikuwa ameonja shilingi, na darasa lilikuwa limemtangulia.

Baadaye ndipo nilipoisoma ile sheria. Yasema kwamba shule ya umma isimtoze mtoto wa Kenya ada ya masomo. Michango mingine yaweza kutozwa kwa idhini ya Waziri, akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, lakini mtoto yeyote asinyimwe kuhudhuria shule kwa sababu mchango huo haukulipwa. Tena mtu asikusanye mchango pasipo kutoa risiti rasmi. Sisi hatukuomba idhini, hatukutoa risiti, na mtoto tulimnyima. Upungufu wa walimu haukuwa kosa letu. Kumtwika mtoto upungufu ule lilikuwa kosa letu, na hakuna wizara wala tume iliyotuamuru kulitenda.

Mtu ataniuliza, na ana haki ya kuuliza: "Je, wale walimu vijana wangelipwa na nani? Nao si watoto wetu?" Ni kweli. Nami sisemi kwamba tuache kuchangia, maana mtoto wa darasa la nne hawezi kungoja mpaka wakubwa wamalize mashauri yao. Nasema hivi: tulichangia kimya kimya. Kwa kuwa tulichangia kimya, katika hesabu za wakubwa ilionekana kwamba shule ile inakwenda vizuri na walimu wanafundisha. Fedha zetu ziliziba ufa, zikauficha pia, na kila muhula tuliombwa kuuziba tena.

Kwa hiyo naleta mashauri manne mbele ya Mkutano huu.

La kwanza, mwanachama yeyote wa Chama chetu aliye katika bodi ya shule asiinue mkono kukubali mtoto arudishwe nyumbani kwa ajili ya fedha. Akishindwa kwa kura, aombe jina lake liandikwe kwamba alikataa.

La pili, msaada wowote ambao Chama hiki kitatoa kwa shule uwe wa hiari ya wenye uwezo, upokewe kwa risiti, na uende pamoja na barua. Barua hiyo itaje shule ina watoto wangapi, walimu wangapi walioajiriwa na Tume, na wangapi wanaolipwa na wazazi. Nakala ipelekwe kwa Tume, kwa ofisi ya elimu, na kwa mbunge wetu. Muhula ujao, iandikwe tena.

La tatu, siku ya kuchagua wajumbe wa wazazi, twende. Tuchague watu wanaoweza kusoma hesabu na wasioona haya kuuliza. Fedha zinazotoka serikalini zibandikwe ubaoni, kila mzazi azione.

La nne ni letu nyumbani. Mtoto afike shuleni kila siku, awe amekula kitu, na jioni apewe taa na nafasi ya kusoma. Mzee asiyejua kusoma aweza pia kusema, "Mjukuu wangu, nisomee." Kwa kazi hiyo hatuna haja ya idhini ya Waziri.

Wazee wangu, wale waliojenga shule za kujitegemea hawakuwa na Katiba ya kuwalinda, wala viti sita katika bodi. Sisi tunavyo. Tukishindwa, hatutaweza kusema kwamba tulikosa njia.

Yule mtoto wa mkokoteni sasa ni kijana. Hunisalimu kwa heshima tukikutana, nami kila mara huitika nikiwa na haya. Nawaomba mkutano huu upitishe mashauri haya, ili mwingine asije akaiona haya hiyo.