Vidonge vya Machungwa Visivyopikwa

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya chakula kidogo kiwezacho kutosha katika kiganja cha mtoto, nacho hakihitaji tanuri. Ni vidonge vya machungwa. Tusemapo vidonge msidhani ya kuwa twakusudia dawa ya hospitali. Ni madonge madogo ya karanga, ufuta na tende, yaliyotiwa ganda la chungwa na kuviringwa kwa mkono.

Kilichotufanya tuyafikirie haya ni kazi yetu. Sisi tunaofundisha katika chuo cha ualimu huwapeleka wanafunzi wetu katika shule za jirani wapate kujizoeza, nasi huketi nyuma ya darasa tukiangalia. Aketiye nyuma huona mengi ambayo asimamaye mbele hayaoni. Tuliona ya kuwa ifikapo saa nne watoto wengine huinamisha vichwa juu ya madawati, na mwalimu kijana huwaita wavivu. Mmoja wao aliulizwa kama anaumwa, akajibu la. Akaulizwa amekula nini asubuhi, akatazama miguu yake. Alikuwa ametembea mwendo wa saa nzima, na tumboni hamna kitu tangu jana yake jioni. Wenzake waliokuwa na fedha kidogo walinunua peremende na maji matamu ya rangi, vitu viufurahishavyo ulimi kwa dakika chache na kuharibu meno kwa miaka mingi. Na huku nyuma ya shule ile ile machungwa yalikuwa yakioza chini ya miti.

Mtu aliyepita Muheza, katika mkoa wa Tanga, wakati wa mavuno hahitaji kuelezwa jambo hilo. Machungwa hurundikwa kando ya barabara kama mawe ya kujengea. Mengi yana rangi ya kijani, na mgeni atokaye nchi za baridi hudhani ni mabichi. Sivyo. Ngozi ya chungwa hugeuka rangi vizuri pahali penye usiku wa baridi, na pwani yetu haina usiku kama huo. Basi tunda huiva na kujaa utamu likiwa na koti lake la kijani.

Sasa mtatuuliza, kwa nini visipikwe? Jibu lake tumelipata baharini. Zamani mabaharia waliokaa miezi mingi bila matunda wala mboga mbichi walishikwa na kiseyeye: fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, vidonda vya zamani hufunguka, na mwisho mtu hufa. Mwezi wa Januari mwaka 1499, Vasco da Gama aliporudi kutoka Bara Hindi na kutia nanga Malindi, alimtuma mtu pwani kutafuta machungwa, kwa kuwa wagonjwa wake waliyatamani sana. Yakaletwa, ingawa wengi walikufa hata hivyo.

Baadaye, mwaka 1747, tabibu mmoja Mskochi, James Lind, akiwa katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Salisbury, aliwachukua wagonjwa 12 wa kiseyeye akawagawa wawili wawili, kila wawili na dawa yao. Wengine walipewa siki, wengine maji ya bahari. Wawili walipewa kila siku machungwa mawili na limau moja. Siku ya sita matunda yalikwisha, walakini mmoja wa wawili hao alikuwa karibu kuwa tayari kurudi kazini, na mwenzake alikuwa amepata nafuu kuliko wote waliosalia. Hapo ndipo penye fundisho letu. Bwana Lind alitaka njia ya kuyahifadhi maji ya matunda yasioze safarini, akashauri yawekwe juu ya moto mpole mpaka yawe mazito kama asali. Hakujua ya kuwa moto huo uliondoa sehemu kubwa ya kile kilichoponya. Kitu hicho leo twakiita vitamini C, na joto ni adui yake. Ndiyo sababu katika vidonge vyetu moto hugusa karanga na ufuta tu, kamwe haugusi chungwa.

Basi tuje jikoni. Chukua karanga, ama njugu kama wasemavyo ndugu zetu wa Mombasa, vikombe viwili, ufuta nusu kikombe, tende zilizotolewa kokwa kikombe kimoja, machungwa mawili, na chumvi chembe chache. Kabla ya lolote lingine, mwaga karanga juu ya ungo penye mwanga na uzichague moja moja. Usione kazi hii ni ya kupoteza wakati. Punje iliyosinyaa, iliyogeuka rangi, au yenye ukungu itupwe, wala usiwape kuku. Ukungu wa karanga na mahindi huweza kuzaa sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa ajili ya sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi, na 125 kati yao wakafa. Karanga chungu mdomoni itemwe. Mtoto afundishwe hivyo mapema, wala asikaripiwe kwa kutema chakula.

Kaanga karanga zilizochaguliwa kwa moto mdogo, ukikoroga daima, mpaka ziwe na harufu nzuri na ngozi ivuke kwa urahisi. Zipoe, uzifikiche kwa mikono, na upepete maganda. Ufuta nao ukaangwe peke yake, nao huiva upesi sana: ukianza kurukaruka, uepue. Twanga karanga kinuni mpaka ziwe kama mchanga mnene ulioanza kutoa mafuta, usiendelee mpaka ziwe uji. Zitoe, kisha ponda tende peke yake mpaka zishikane.

Chungwa lioshwe vizuri kwa maji safi na kusuguliwa, maana pengine lilinyunyiziwa dawa ya wadudu shambani. Kwa kuparuza ganda hatuna haja ya chombo cha dukani. Kipande cha bati safi kisicho na kutu, kilichotobolewa matundu kwa msumari, kitatosha. Paruza ile ngozi ya juu tu yenye harufu. Ukifika kwenye nyeupe acha, kwani huko ni uchungu mtupu. Mwenye danzi aweza kutumia ganda lake, ambalo lanukia kuliko yote, lakini achukue nusu ya kipimo. Ndimu pia yafaa kwa wapendao ukali.

Changanya karanga, nusu ya ufuta, tende, ganda na chumvi, kisha utie maji ya chungwa vijiko viwili vya chai, visizidi. Kanda kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Kata vipande vidogo, uviviringe katika viganja, kisha uvigaragaze katika ufuta uliobaki. Utapata vidonge 30 hivi.

Tumesema vijiko viwili, na tuna sababu ya kukazia. Mara ya kwanza wanafunzi wetu walipovitengeneza waliona ya kuwa chungwa likiwa jema, basi lililo jingi ni jema zaidi, wakatia kikombe kizima. Donge likawa laini, wakaongeza karanga, wakalifungia lote katika kopo kusudi walipeleke shuleni siku ya tatu. Kopo lilipofunguliwa mbele ya watoto, lilitoa pumzi ya pombe na povu juu yake. Watoto walicheka sana. Kisha wakaona ya kuwa hapana kingine cha kula, wakaacha kucheka. Nasi tuliona haya, kwa sababu tuliwafundisha kipimo bila kuwaeleza maana yake. Maji ndiyo yaozeshayo. Vidonge vikavu, vikiwekwa katika chombo safi chenye kifuniko pahali pa baridi, twavila kwa siku tatu au nne, na kimoja kikinuka uchachu vyote hutupwa. Nazi mbichi iliyokunwa ni tamu ndani yake, lakini ukiitia, vile siku hiyo hiyo.

Tusidanganyane pia juu ya jambo jingine. Vijiko viwili vya maji ya chungwa vikigawanywa katika vidonge 30 havimpi mtoto vitamini C ya kutosha. Kazi ya kidonge ni kumpa nguvu: karibu robo ya uzito wa karanga ni protini ijengayo mwili, na karibu nusu ni mafuta. Ganda laleta harufu na hamu ya kula. Vitamini yenyewe imo katika nyama ya yale machungwa mawili uliyoyaparuza, ambayo mama wengi huyaacha mezani yakakauka. Mtoto na apewe kidonge kwa mkono huu na kipande cha chungwa kwa mkono wa pili. Chungwa moja la kadiri huwa na miligramu 70 hivi za vitamini C, na mtoto wa miaka 9 hata 13 ahitaji 45 kwa siku. Tena, likiliwa pamoja na karanga na ufuta, husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo ndani yake, madini ambayo damu huyahitaji.

Tende ni sukari nyingi ingawa ni sukari ya tunda, kwa hiyo vidonge viwili au vitatu vyatosha, na mtoto asukutue kinywa baadaye. Zikikosekana, asali yafaa kwa kipimo kidogo, ila mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kamwe. Wadogo wa chini ya miaka mitano wasipewe kidonge kizima, wala karanga nzima, maana huweza kuwakaba kooni. Wapondewe, nao wale wakiwa wameketi. Na kama mtoto amewahi kuvimba midomo au kuwashwa mwili baada ya kula karanga au ufuta, chakula hiki si chake; apewe chungwa peke yake.

Shuleni kule tulikotaja, watoto wa darasa la tano sasa hutwanga wenyewe kila Ijumaa, wavulana kwa wasichana. Wavulana walinung'unika juu ya mchi mara ya kwanza. Mara ya pili walikuja na machungwa mifukoni.